Kreti Nane Zisizo na Mwenyewe

Kwa miaka saba sasa mimi ni mtu wa bia. Sisemi mnywaji, maana mnywaji wa kweli hawezi kazi hii hata miezi miwili. Mimi naziuza. Nina gari dogo la mizigo lililochorwa ngoma na vilima vya kijani ubavuni, nina fulana tano za rangi moja, na eneo langu linaanzia Buhigwe, linapita Kasulu mjini na kuishia vijiji vya Kibondo. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mtu akikaa kwenye kiti cha plastiki popote katika eneo hilo akasema "niletee moja ya baridi", anayoletewa ni ya kwetu.

"Ya kwetu" ndiyo nguzo ya kazi yenyewe. Bia sitaitaja jina, nina mshahara wa kulinda. Itoshe kusema kwamba kwenye lebo kuna ngoma, kuna kilima, na chini yake kuna maneno mawili: Imezaliwa Hapa. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kuliko salamu. Nimeyasema kwenye magulio, kwenye fainali za mpira wa vijiji, na mara moja msibani, ambapo nilinyamazishwa, na kwa haki.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulipelekwa semina Mwanza. Hoteli ilikuwa nzuri, chakula kingi, na siku ya pili mtoa mada mmoja mpole alituonyesha ukutani mchoro wa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari. Kiwanda chetu kilikuwa kisanduku cha chini kabisa. Juu yake palikuwa na kampuni nyingine, na juu ya hiyo nyingine, na kileleni palikuwa na kisanduku kikubwa chenye jina la Ulaya ambalo hata yeye alilisoma kwa kusitasita. Pembeni kulikuwa na kidogo cha wanahisa wa hapa nchini. Mwenzangu wa Shinyanga alinyoosha mkono akauliza kama bado tunaruhusiwa kuwaambia wateja kwamba bia ni ya kwetu. Mtoa mada alitabasamu. Alisema kuzaliwa imezaliwa hapa, hilo halina ubishi, ila mzazi ndiye yuko nje. Tukacheka, tukaenda kula.

Sikuumia. Naliandika hili kwa sababu wapo watakaotaka kusikia kwamba nilirudi Kasulu nimevunjika moyo. Nilirudi na begi jipya na kalamu sita. Mambo mengi tunayoyaita yetu ni ya wengine ukifuatilia, na mtu mwenye kazi hafuatilii.

Mtu pekee niliyemsimulia habari za vile visanduku ni fundi cherehani mmoja wa Kasulu, ambaye sasa ni mke wangu. Tulijuana kwa sababu ya fulana. Kampuni ilituletea za saizi kubwa, kana kwamba wote tunaouza bia lazima tuwe na vitambi, nikampelekea azipunguze. Siku zote alikuwa na kazi nyingi, hasa za wanawake wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambao nguo ikikosewa sentimita moja hawaichukui. Nilirudi na fulana ya pili, kisha ya tatu, moja moja, mpaka akaniambia kama nina la kusema niseme, fulana zitakwisha. Nilipomsimulia ya Mwanza nilitegemea atacheka. Alisimamisha cherehani.

"Na bado unasema imezaliwa hapa?"

Nikamwambia ndiyo, ni kazi. Akasema sawa, akaendelea kukanyaga.

Nyumbani kwetu ni Kibondo, kijiji cha ndani kidogo kutoka barabara kuu. Baba alifariki nikiwa darasa la nne na mama akatulea kwa pombe ya ndizi. Kila wiki alikuwa na pipa moja kwenye grosari ya njia panda, na kila alipolifikisha alifanya jambo lile lile. Kabla ya mtu yeyote kuchotewa, alijichotea yeye kibuyu kidogo, akanywa mbele ya watu waliokuwepo, akakiweka chini. Hakuna aliyekunywa kabla yake. Kwetu Waha ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: aliyepika ndiye aonjaye kwanza, ili watu wamwone na wajue wakimtafuta watampata wapi. Siku hizi desturi hiyo imelegea. Mtu hafungui chupa akaulizia mpishi.

Na aliyeilegeza pale njia panda ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa lengo la kuingiza friji kumi vijijini, na mwenye ile grosari alikuwa mtu niliyemfahamu tangu utotoni. Nilimpa friji, nikampakia ukuta rangi, nikamletea miavuli miwili. Sharti lilikuwa moja, kwamba pombe nyingine zisikae mbele. Mbele pakawa pembeni, pembeni pakawa nyuma, na baada ya miezi michache mwenye grosari akamwambia mama kwamba vijana hawapendi tena kukaa karibu na pipa, nyuki wanawasumbua. Mama hakunilaumu. Alisema tu kwamba friji ni kubwa. Msimu uliofuata aling'oa migomba mingi ya pombe akapanda maharage.

Kisha akaokoka. Kanisa dogo la mabati liko mwendo wa dakika tano kutoka kwetu, na mtu aliyekuwa na siku tatu nzima za kupika kila wiki akiachiwa siku hizo lazima azipeleke mahali. Alibatizwa mtoni, akaacha pombe kuipika na kuinywa, na kwa kuwa ni mchapakazi haukupita muda akawa kiongozi wa akina mama. Ufunguo wa kanisa ulikaa kwake, kwenye msumari juu ya kitanda. Ukimuuliza atakuambia Bwana ndiye aliyemtoa kwenye pombe. Sibishani naye, lakini najua na friji ilichangia.

Sasa nije kwenye posa.

Huyo fundi cherehani alilelewa na shangazi yake. Babu na bibi walikimbia kutoka Burundi na mtoto mmoja wa kike mgongoni, ndiye shangazi, na wakajenga nje ya Kasulu, njia ya Makere. Baba wa mchumba wangu alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, akazeeka humo bila kuwa raia wa popote, na cheti cha uraia alikipata akiwa na mvi, akaishi nacho miaka miwili akafa. Cha shangazi kimo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, na kila anapotoka wilayani hubeba nakala yake kwenye sidiria. Anasema kwenye kizuizi cha barabarani hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameshiba, ila karatasi huulizwa.

Mchumba alinieleza taratibu zao mapema. Alisema siku ya kujitambulisha tulete pombe, na pombe iwe na mwenyewe. Nilisikia vizuri. Ila mtu aliyeuza bia miaka mitano hupotezwa na bia: niliposikia "pombe" niliona kreti, na niliposikia "mwenyewe" nikajiona mimi. Tena nilikuwa na sababu yangu ambayo niliiona ya heshima. Mama ameokoka. Ningeanzaje kumwambia mama kiongozi wa akina mama akanipikie pombe? Nikaona heri nimwepushe.

Baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alifurahi kupita kiasi. Alisema ukoo wetu haujawahi kwenda kuposa na bia za chupa, na safari hii watatuona. Tukapakia kreti nane, tukazifuta vumbi moja moja, na mimi nikavaa shati jeupe juu ya fulana ya kazi. Mama alikuja na sisi, akakaa mbele na Biblia yake kwenye mkoba. Hakuuliza kilichomo nyuma, na kwa kuwa chupa zilikuwa zinagongana njia nzima, hakuwa na haja ya kuuliza.

Walitupokea vizuri. Tulikaa sebuleni, wanaume kwenye makochi, mama na wanawake wa pale kwenye mkeka mpya, mchumba wangu mwisho karibu na mlango wa ndani. Kreti zilipangwa katikati. Baba mdogo alisema maneno yake marefu kwa Kiha na Kiswahili, akasifu vilima, akasifu mvua, akasema tumekuja kuomba jiko. Alipomaliza, shangazi alikuwa bado anaziangalia kreti. Ni mama mwembamba, mrefu, na husema polepole kwa lafudhi ya Kirundi ambayo miaka yote ya hapa haijaiondoa.

"Pombe nimeiona," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Baba mdogo alinionyesha mimi kwa mkono wote. Alisema kijana wetu ndiye mwenyewe, na bia yenyewe ni ya kwetu, imeandikwa hapo kwenye lebo, asome. Shangazi akamuuliza kama ni mimi niliyeipika. Baba mdogo akasema imepikwa kiwandani. Shangazi akasema kiwandani kuna watu, ni yupi kati yao.

Nikaona bora nimalize jambo. Nilisimama, nikatoa chupa moja, nikaifungua, nikanywa mbele ya wote mpaka nusu, koo likionekana likishuka, kama nilivyomwona mama akifanya miaka mingi. Shangazi alisubiri nimalize.

"Umekunywa vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini wewe ni mchukuzi. Mimi namtafuta mwenyewe."

Baba mdogo akanisukuma kwa goti, maana yake nijibu lolote. Na ningejibu. Maneno ninayo, ni kazi yangu, ningemweleza juu ya wakulima wa shayiri na vijana waliopata ajira mpaka akachoka. Lakini pale karibu na mlango alikuwa amekaa mtu mmoja anayejua habari za vile visanduku, na alikuwa ananiangalia bila kunisaidia wala kunizuia. Sikusema kweli kwa sababu mimi ni mkweli. Nilisema kwa sababu nilikuwa na shahidi.

"Shangazi," nikasema, "wenyewe wako nje. Wako Ulaya. Hapa sisi tunatengeneza na kuuza tu."

"Wamewahi kufika?"

"Hapana."

"Wanajua kuna Kasulu?"

Nikasema sidhani. Shangazi akainama, akatoa chupa moja kwenye kreti, akaiweka mbali na macho kama wafanyavyo wenye macho ya uzeeni, akasoma yale maneno mawili herufi kwa herufi. Kisha akairudisha.

"Baba wa huyu binti alizaliwa kwenye chumba hicho," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Walimkubali kuwa wa hapa akiwa na mvi, tena kwa cheti. Na hii yenu nayo ina cheti?"

"Ina leseni," akasema baba mdogo, kwa nia njema kabisa. Watu wakacheka, hata shangazi akacheka kidogo, na mimi nikatamani sakafu ya ile nyumba ingekuwa na shimo. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika kazi hii, hata msibani.

Hakutufukuza. Alisema chakula kipo, tule, na tulikula. Alisema kijana hajamkataa. Ila kwake pombe isiyo na mwenyewe haipokelewi, kwa sababu siku mambo yakiharibika kati ya hawa wawili, atamwendea nani? Aliyeleta pombe ndiye anayejibu. Kwa hiyo turudi na pombe ambayo aliyeipika anaweza kukaa hapa, akaitia mrija mbele ya watu, na akajulikana kwake ni wapi. Kreti tuziondoe zote, pamoja na ile nusu niliyoiacha. Mama muda wote huo alikuwa anaangalia mikono yake.

Mchumba alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilianza kulalamika kwamba shangazi anataka mambo ya zamani. Akanikatiza. Alisema yule ndiye aliyemsomesha na ndiye aliyemnunulia cherehani, na bila yeye hakuna ndoa.

"Na ukirudi na pombe ya kununua ukaiita yenu," alisema, "mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusema. Usije."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na nafasi moja tu, na nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu mpaka hapo huenda nimeonekana mtu wa kutania tu.

Baba mdogo, ambaye hakubali kushindwa, alikuwa na mpango kabla hatujafika lami. Anamjua mama mmoja wa huko Gwarama anayepika pombe ya ndizi safi sana. Tutachukua pombe na yeye mwenyewe, tutamvisha kitenge, tutasema ni mama mkubwa wa bwana harusi. Aliupanga mpango huo kwa sauti kubwa huku mama yangu mzazi amekaa kati yetu. Mama alimwacha aongee mpaka tukakaribia nyumbani. Tulipofika aliteremka, akachukua mkoba wake, akaingia ndani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipepeta maharage. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Sikuitumia. Nilimwambia tu kwamba sijui nifanye nini.

Aliendelea kupepeta. Baadaye akasema mashina yaliyobaki ya ndizi za pombe ni sita, kule chini karibu na mto, na mawili tu ndiyo yana mikungu iliyokomaa. Hazitoshi. Jirani anazo, na jirani huyo amekuwa akiyataka maharage yake. Watabadilishana, na zikishabadilishwa ni zake.

Nikamwambia asipike, si lazima, nitatafuta mtu katika ukoo ambaye hajaokoka. Shangazi yangu mmoja yuko hai.

"Shangazi yako hajawahi kupika pombe ikanyweka," mama alisema. Kisha akasema, "Wewe kata ndizi. Kuonja niachie mimi."

Sikumuuliza ataonjaje. Nilidhani atagusa mdomo tu. Nilidhani pia kwamba huenda Mungu wao ana nafasi kidogo kwa mambo ya namna hiyo. Mtu anayehitaji kitu huwa na mawazo mengi mazuri kuhusu wema wa wengine.

Niliomba likizo ya wiki mbili. Tulichimba shimo pale pale lilipokuwa la zamani, udongo bado ulikuwa laini, tukalitia moto, tukatandika majani ya migomba, tukazifukia ndizi humo. Zilipoiva tukazimenya na kuzitia kwenye mtumbwi wa mbao ambao mama alikuwa ameugeuza kuwa wa kunyweshea mbuzi. Kazi ya kukamua ni ya mwanamume, kwa mikono na majani makavu, na mimi mikono yangu ilishazoea usukani. Ndani ya nusu saa nilikuwa nimechoka. Mama alisimama juu yangu akinielekeza, bana, geuza, usiikatekate, na nilimwona akiwa mtu ambaye sikumwona kwa miaka kadhaa. Alionja maji ya ndizi kwa kidole kabla hayajachacha, akasema yamepoa mno, nikachemsha mengine. Alikaanga mtama, akausaga, akaunyunyiza juu. Akafunika pipa kwa majani na blanketi lake mwenyewe.

Kijijini hakuna siri ya mtama unaokaangwa. Siku ya pili akina mama wawili wa kanisani walipita, wakasimama uani. Walisema wamepita kusalimia. Mama aliwakaribisha, akawapa viti, na pipa lilikuwa pale pale ukutani likifanya povu. Mmoja akamuuliza kwa upole kama ameajiriwa na mtu. Mama akasema hapana, anampikia mwanawe. Hawakukaa.

Tulirudi njia ya Makere siku ya tatu, gari likiwa na dumu nne na chungu kimoja kilichozungushiwa majani. Safari hii niliacha fulana ya kazi nyumbani. Gari sikuwa na lingine, kwa hiyo nililiegesha mbali na nyumba, ubavu wenye ngoma ukielekea shambani, na dumu tukazibeba kwa mikono.

Watu walikuwa wale wale, na wengine wameongezeka, maana habari ya kreti ilikuwa imezunguka. Chungu kikawekwa katikati. Baba mdogo alifupisha maneno yake, jambo ambalo sijaliona kabla wala baadaye. Shangazi akauliza lile lile.

"Pombe nimeiona. Mwenyewe yuko wapi?"

Mama akasimama kutoka mkekani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kile cha sare ya akina mama, na kilemba chake. Kingine cha kutokea hana.

"Ni mimi," alisema. "Ndizi nyingine ni za shamba langu, nyingine nimebadilisha na maharage yangu. Mtama ni wangu. Nakaa Kibondo, njia panda, ukiuliza watakuleta."

Shangazi aliiangalia ile sare. Kasulu makanisa ya aina ile yapo mengi, na yeye si mjinga. Alimuuliza mama kama wao wanaruhusiwa kunywa. Mama akasema hawaruhusiwi. Hapo nilisimama, nikasema basi mimi ndiye niliyekamua, mikono yangu hii hapa, niache nionje mimi. Nilizungumza haraka haraka. Shangazi alikuwa anamtazama mama.

"Kaa chini," mama aliniambia.

Alipiga magoti mbele ya chungu, akatenga majani, akatia mrija. Nilikuwa nimetegemea atagusa tu. Alikunywa. Alikunywa kwa utulivu, macho yamefumbwa, muda ambao ulitosha kila mtu mle ndani kuona, na mimi niliona koo lake likishuka mara tano. Kisha akafuta mdomo kwa upindo wa kitenge, akafikiri kidogo, akasema mtama umezidi kidogo, waniwie radhi.

Shangazi alishuka kwenye kochi, akakaa naye chini, na hakuchukua mrija mwingine. Aliupokea ule ule. Waliobaki walikunywa baada yao wawili, na mahari ikazungumzwa kwa amani. Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Bia zilikuwepo siku hiyo, mkuu wangu wa kazi alizitoa kwa ofa, na watu walizinywa kwa furaha bila kumuulizia mwenyewe, mimi nikiwa mmoja wao. Kazi sijaacha. Nalitaja hili kwa wale wanaopenda hadithi ziishe mtu akijiuzulu.

Kilichobaki ni cha mama.

Jumapili iliyofuata baada ya ile posa waliuchukua ule ufunguo msumarini. Walikuja watu watatu wa kanisa, kwa adabu, wakaomba kabla na baada. Mchungaji si mtu mkali. Baada ya harusi aliniita mimi pembeni akaniambia kwamba jambo lenyewe ni dogo, linamalizika siku moja. Mama atasimama mbele ya kanisa aseme tu kwamba alilazimishwa na mwanawe kwa sababu ya mila, basi, wataomba, atarudishiwa ufunguo na nafasi yake. Mpaka atakapofanya hivyo atakaa benchi la nyuma, na haruhusiwi kushiriki meza ya Bwana. Akaniomba nimshauri.

Nilikwenda kumshauri. Nilikuwa na mke wangu, tulikuwa na mwezi mmoja tangu tufunge ndoa. Nilimwambia mama kwamba mimi sina neno, anitupie lawama zote, na tena ni kweli, mimi ndiye niliyeyaleta yote haya, tangu friji. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja friji mbele yake.

Alikuwa anashona kitufe. Alimaliza, akakata uzi kwa meno.

"Nikisema nililazimishwa," alisema, "ile pombe itakuwa haina mwenyewe. Na huyu mkeo tutakuwa tumemchukua kwa nini?"

Mke wangu akatoka nje. Nilimsikia uani akimwaga maji yasiyohitaji kumwagwa.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Jumapili huwa anatoka mapema kama zamani, ingawa hana tena mlango wa kufungua. Hukaa benchi la nyuma, meza ya Bwana ikipita hurukwa, na akirudi nyumbani hupika chakula cha mchana.